Guu Huungwa, Kichwa Je? Hotuba kwa Vijana wa Arua na Koboko Kuhusu Afya ya Mwili

(Hotuba ya Ofisa Uhusiano wa Polisi mbele ya waendesha bodaboda, wanafunzi wa vyuo na vijana wafanyabiashara. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa maombi ya waliohudhuria.)



Mwaliko niliopewa ulisema nije kuzungumza juu ya usalama. Nimeomba ruhusa nizungumze juu ya mwili. Huenda mkajiuliza polisi wana habari gani na mwili wa mtu, ilhali waganga wapo. Jibu langu ni kwamba mganga huonana na kijana baada ya kuumia, nasi polisi huonana naye kila siku akiwa mzima, akipita mbele yetu kwa kasi. Tukinyamaza wakati huo, tutazungumza naye mahali pabaya zaidi.

Nazungumza Kiswahili kwa makusudi. Katika ukumbi huu wamo Walugbara, Wakakwa, Wanubi, Waaluri na Wamadi. Wamo ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini, wakiwamo wanaoishi katika makazi ya Lobule na Rhino Camp. Ningezungumza lugha ya mmoja, ningewaacha wengine nje ya mlango. Maneno ya leo yanamhusu kila mwenye mwili.

Naanza na kisa. Jina la mwenyewe silitaji, na mama yake ameniruhusu kukisimulia.

Alikuwa kijana wa miaka 22, mwendesha bodaboda, mpole, asiye na kesi yoyote kituoni. Jioni moja alimchukua abiria kwa safari ya dakika tano. Kofia yake ngumu alikuwa nayo, ila aliining'iniza kwenye usukani, kama mnavyofanya wengi wenu mnaponiona kwa mbali mkaanza kuinyoosha mkono. Njiani mbuzi akakatiza. Kijana akaanguka. Abiria alichubuka viwiko tu. Kofia ile haikupata hata mkwaruzo.

Mguu wa kijana ulivunjika mahali pawili. Mbavu zilipata nyufa. Baada ya miezi michache mguu ulikuwa umeunga, mbavu zimepona, na alikuwa akitembea bila fimbo. Majirani walimshukuru Mungu kwa uwezo wa mwili wa kijana. Lakini hakuweza tena kuhesabu chenji. Alisahau njia ya kutoka nyumbani kwao hadi steji, njia aliyoipita maelfu ya mara. Aliyekuwa mpole akawa mwepesi wa hasira, akiwapigia kelele wadogo zake kwa jambo dogo. Nilipokwenda kuwatembelea, mama yake aliniambia: "Afande, mwili umerudi nyumbani. Mwanangu bado yuko barabarani."

Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelifikiri neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Wahenga walitaja guu. Hawakutaja kichwa, na naona walikuwa na sababu, kwa maana guu huungwa.

Ndugu zangu, mnapovuka miaka 18 mnadhani ujenzi wa mwili umekwisha. Urefu umesimama, sauti imekuwa nzito, ndevu zimeota, msichana amekuwa mwanamke mbele ya macho ya watu. Kwa kweli mafundi bado wako kazini. Mfupa wa mtulinga, huu ulio juu ya kifua karibu na shingo, ncha yake ya ndani haikamiliki kuungana hadi katikati ya miaka ya ishirini. Mifupa yote huendelea kuwekewa madini, na akiba hiyo hufika kilele chake karibu na miaka 30. Baada ya hapo mtu hutumia alichokiweka. Misuli na mapafu navyo hufikia nguvu zake kuu katika miaka hiyo hiyo ya ishirini.

Na kilicho cha mwisho kukomaa ni ubongo, hasa sehemu ya mbele iliyo nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo hupima hatari, huzuia hasira na kusema "ngoja kwanza". Wataalamu wanatuambia kwamba hukomaa karibu na miaka 25. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 ni kama pikipiki mpya yenye injini kamili ambayo breki zake bado zinafungwa. Sisemi hivi ili kuwadharau. Nasema ili mjue kwamba kile kinachowasukuma kuipita lori kwenye kona hakitokani na uhodari tu, na kwamba kichwa mnachokiacha wazi ndicho chenye kazi ambayo haijamalizika.

Sasa nije kwenye barabara yetu. Lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imetuletea neema kubwa. Wazee wanakumbuka siku ambazo mashimo ndiyo yalikuwa askari wa trafiki. Hakuna aliyeweza kukimbia hata akitaka. Leo mashimo yale hayapo, na kila mtu amebaki na akili yake mwenyewe. Pikipiki iliyotengenezwa kwa watu wawili inabeba wanne na gunia la muhogo. Sheria za Uganda zinamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wote wawili wavae kofia ngumu, na zinaruhusu abiria mmoja tu. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69.

Nasikia mkisema kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo hutumika vizuri msibani, kumfariji aliyefiwa. Kwenye steji hayana mahali. Ajali ile ya mbuzi huenda haikuwa na kinga, lakini kichwa kilikuwa na kinga yake, ikining'inia kwenye usukani. Ivaeni, na mkiivaa fungeni mkanda wa kidevuni. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya mwenyewe kugonga chini. Na kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa, hata kama nje haionekani kupasuka, ibadilisheni.

Jambo la pili ni usingizi. Kijana wa rika lenu anahitaji kulala saa saba hadi tisa kila siku. Najua biashara ya mpakani haina saa. Kuna wanaotoka usiku na mizigo, wanaorudi alfajiri, kisha wanapanda pikipiki tena kabla ya chai. Mwili wa miaka 20 hauwakatalii. Unakubali leo, unakubali kesho. Lakini mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa mikono na macho kama aliyekunywa pombe, ingawa hanuki chochote na kifaa chetu cha kupimia hakitamkamata.

Wengine huutafuta usingizi na kuufukuza kwa mairungi. Mairungi haiondoi uchovu, huuficha. Mtafunaji hajui tena amechoka kiasi gani, na hiyo ndiyo hatari yake kubwa kwa mtu anayeshika usukani. Ikiisha nguvu, uchovu wote hurudi kwa pamoja, mara nyingi katikati ya safari. Isitoshe, hupunguza hamu ya chakula na huupandisha mpigo wa moyo.

Kuhusu pombe, mnakumbuka kwamba mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku vile vifuko vidogo vya waragi vilivyouzwa kila kibanda. Tunavikamata bado, kwa kuwa mpaka wetu ni mrefu na njia za panya ni nyingi. Sikuja leo kuhesabu vifuko. Nataka mjue habari ya ini. Ini ni kiungo kivumilivu kuliko vyote. Sehemu yake kubwa inaweza kuharibika mwenyewe asisikie maumivu yoyote. Linapolalamika, aghalabu jambo limekwisha kuwa kubwa.

Na hapa naomba niseme juu ya ugonjwa ambao eneo letu linaufahamu kwa jina lakini si kwa vitendo: homa ya ini aina ya B. Ugonjwa huu umeisumbua sana Kaskazini mwa Uganda pamoja na West Nile, hata serikali ikaanzisha mwaka 2015 kampeni ya kuwapima na kuwachanja watu wazima katika maeneo haya. Watoto wachanga wa Uganda walianza kupewa chanjo hiyo mwaka 2002. Maana yake ni kwamba aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na aliyezaliwa mbali na kituo cha afya, au ng'ambo ya mpaka, au wakati wa kukimbia vita, huenda naye hakuipata.

Anayeambukizwa akiwa mtoto mchanga mara nyingi hubaki na virusi maishani. Hukua, hucheza mpira, huoa, huendesha pikipiki, huku ini likiliwa polepole kwa miaka mingi. Kipimo ni tone la damu. Asiye na virusi hupewa chanjo mara tatu katika muda wa miezi sita, na kosa la wengi wetu ni kupokea ya kwanza na kusahau mbili zilizobaki. Aliye na virusi husaidiwa kufuatilia hali ya ini lake, na dawa zipo kwa wanaozihitaji. Tena niondoe uvumi mmoja: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja wala kwa kushikana mikono. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Msimtenge mtu mezani.

Ndugu vijana, siwahubirii kutoka mlima mrefu. Nilipokuwa katika mafunzo ya polisi huko Kabalye, Masindi, nilikuwa na miaka 23. Nilikimbia asubuhi, nikalala saa tatu, nikakimbia tena. Baadaye kazini nilijivunia kwamba naweza kukesha zamu mbili na kuoga tu. Nilikula chumvi kama ng'ombe, nilikunywa bia nikiwa likizo kama mtu anayefidia. Hakuna kilichouma. Nilipofika miaka 41 nilimpeleka mwanangu hospitalini kwa malaria, na muuguzi aliyekuwa na nafasi akaniambia, "Afande, kaa nikupime presha." Alipima. Akapima tena mkono wa pili, akidhani mashine imekosea. Tangu siku hiyo nameza kidonge kila asubuhi. Shinikizo la damu lilikuwa limenikalia kwa muda nisioujua, nami nilikuwa nikijisifu kwa afya. Kipimo kile kingenigharimu dakika tano nikiwa na miaka 25.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mwili wa kijana huvumilia sana na husema kwa kuchelewa. Msingoje useme.

Sasa niwaambie wanaume hasa jambo la sheria linalohusu mabadiliko ya mwili. Mara kwa mara huletwa kituoni mtuhumiwa anayejitetea kwa kusema, "Afande, nilidhani ni mtu mzima, mtazame mwili wake." Mwili si cheti cha kuzaliwa. Msichana anaweza kuwa na umbo la mwanamke akiwa na miaka 14. Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda inasema kwamba kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18 ni kosa kubwa, hata akisema amekubali, hata wazazi wakikaa na kupatana juu ya mbuzi na fedha. Na elimu ya afya inaunga mkono sheria. Nyonga ya msichana mdogo haijamaliza kukua. Uchungu wa kuzaa ukichukua muda mrefu bila msaada, mtoto anaweza kufa, na mama akabaki na fistula, akitokwa na mkojo pasipo kujizuia, akikimbiwa na yule yule aliyempa mimba.

Na kwa yeyote, mwanamke au mwanamume, atakayetendewa ukatili wa kingono, naomba mshike hesabu moja: saa 72. Ndani ya muda huo zipo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Vilevile ipo dawa ya kuzuia mimba. Aliyeumizwa asioge wala asifue nguo kabla ya kuchunguzwa, ingawa najua moyo hutaka kuoga kwanza. Aende hospitalini au aje polisi, mlango wowote ulio karibu. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa mganga haiuzwi. Akitokea askari akadai fedha kwa ajili ya karatasi hiyo, lileteni jina lake ofisini kwangu. Aibu ni ya aliyetenda.

Nisimalize kwa magonjwa peke yake, kwa maana afya hujengwa pia jikoni na uwanjani. Nimesema kwamba mifupa inawekewa akiba hadi karibu na miaka 30. Akiba hiyo haihitaji fedha nyingi. Mukene, wale dagaa wadogo wanaoliwa mzima mzima na mifupa yao, wana madini hayo. Simsim inayo. Mboga za majani tulizozikuta kwa bibi zetu zinayo, na dodo humsaidia pia msichana anayepoteza damu kila mwezi. Kijana anayeshinda kwa chapati na soda, huku mama yake akipika enyasa na mboga nyumbani, anaacha akiba nzuri aende kununua njaa.

Kuhusu mazoezi, ninyi wa bodaboda mnadhani mnafanya kazi ya nguvu. Kazi yenu ni ya kukaa. Mgongo umejikunja, miguu haitembei, moshi unaingia kifuani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri angalau dakika 150 kwa wiki, nayo si zaidi ya nusu saa kwa siku tano. Wilaya hizi zina mapenzi makubwa ya mpira. Timu ya Onduparaka iliipeleka Arua hadi ligi kuu mwaka 2016. Lakini kushangilia jukwaani hakuhesabiwi. Ingieni uwanjani.

Tena msisahau moyo na akili. Maradhi mengi ya akili huanza kabla ya miaka 25. Kijana aliyeacha kulala, aliyeacha kula, aliyejitenga na wenzake na kusema kwamba heri asingekuwapo, huyo ni mgonjwa kama mwenye malaria. Wengi kati yetu hapa wamepita katika vita na safari za ukimbizi, na wanaume hasa hufundishwa kunyamaza. Mleteni mwenzenu hospitalini akiwa hai. Msiseme amelogwa, wala msiseme ni mvivu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naelekea mwisho. Kwa kila kijana aliye hapa nina maombi matatu, nami nitayauliza tena tukikutana barabarani. La kwanza: kabla ya kuwasha pikipiki, kofia iwe kichwani na mkanda umefungwa, yako na ya abiria wako. La pili: ukihisi kope zinashuka, simama. Abiria atakasirika, lakini atafika. La tatu: kabla ya mwezi huu kwisha, nenda ukapime homa ya ini, VVU na shinikizo la damu. Waendesha bodaboda mna uzuri wa kwenda kwa kundi. Pangeni siku moja kwa kila steji, tokeni pamoja, rudini pamoja. Aliye na afya njema na aliyefikisha miaka 17 anaweza hata kuchangia damu, kwa maana majeruhi wa barabara yetu huihitaji damu hiyo usiku huo huo.

Juma lililopita nilimpitia tena mama yule. Kijana wake alikuwa amekaa chini ya mwembe akimenya mihogo, na mdogo wake wa miaka minane alikuwa akimfundisha kuhesabu sarafu. Alifika kumi na moja, akaniangalia, akacheka. Wakaanza tena kutoka moja. Mama aliniagiza niwaambie ninyi kwamba ile kofia bado wanayo, imetundikwa ukutani, mpya kabisa, na kwamba yeyote asiye na ya kuvaa aende akaichukue.

Kwa Mungu na nchi yangu.